Mwaka wa Picha Zisizo na Miguu

Tulipomaliza kumzika Baba Kulwa kule Ibadakuli, watu wakatawanyika kutafuta kivuli na sahani, na Sara, binti wa dada yangu, akaja kukaa karibu nami mkekani. Aliniuliza swali ambalo nilidhani nimeshalikimbia. Sara amenunua kamera. Anataka kupiga sura za watu, zile picha ambazo nyuma ya mtu kunafifia na macho yanabaki yamekukazia. "Mama mdogo," akasema, "wewe ulifanya kazi kwa marehemu. Ninunue lensi gani ya bei nafuu?" Mbele yetu kijana mmoja wa ukoo alikuwa anawapiga picha waombolezaji kwa simu. Anagusa kioo kwa kidole, na hapo hapo turubai, masufuria na mbuzi waliofungwa nyuma vyote vinafifia. Kwa kidole! Nilitamani kuinuka nimnyang'anye. Mwaka mzima wa ujana wangu niliutoa kwa ajili ya kule kufifia, na sasa mtoto anakupata huku anatafuna ubwabwa. Nikamjibu Sara kwa ukali ambao hakustahili: "Pima chumba chako kwanza. Halafu waulize watu wako kama wanataka miguu." Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo.

Studio ya Baba Kulwa ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mjini Shinyanga. Ukuta wa ndani ulining'inizwa pazia lililochorwa ngazi za ghorofa na vyungu vya maua. Upande wa pili ulikuwa mlango, kisha kibaraza chembamba, mtaro wa maji machafu, halafu barabara. Chini ya benchi lilikaa sanduku la viatu. Wateja wetu wengi walikuwa wakulima, wafugaji na wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mtu aliyekuja kwetu alikuja kupigwa mzima, kuanzia kofia hadi soli. Miguu ikikosekana, picha hiyo ni ya kitambulisho au ni ya marehemu. Asiye na viatu vya maana alivalishwa vya studio, jozi moja nyeusi ya namba kubwa, tukamjazia magazeti kwenye vidole visije vikamvuka. Baba Kulwa alivipiga rangi kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai. "Picha ni viatu, Modesta," alizoea kuniambia. "Sura kila mtu anayo." Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kusoma kozi fupi ya upigaji picha Mwanza, na maneno hayo yalinichoma kweli kweli. Nilikuwa nimekuja na hamu ya sura, nikakabidhiwa brashi ya viatu.

Na nilikuwa na hoja, jamani. Simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuingia, na kila aliyenunua simu alijiona na yeye ni studio. Wateja walipungua. Nilimwambia Baba Kulwa kwamba kitu pekee ambacho simu haikiwezi ni sura, sura iliyotulia, jicho kali na nyuma laini, na kwamba kwa hilo tunahitaji lensi inayovuta kidogo, isiyo na zumu, yenye mdomo mpana wa kumeza mwanga. Alinisikiliza huku anakoroga uji. Mama Limi, aliyekuwa anapika chakula cha kuuza uani kwetu, alisimama na mwiko mkononi kusikia hukumu. "Haya," mzee akasema. "Lensi tafuta mwenyewe. Nakupa mpaka Krismasi. Sura zisipoleta watu, naleta mashine ya fotokopi, na wewe utakuwa unatoa kopi za vyeti." Tukapeana mikono. Tangu siku ile, kila nilichofanya nilikifanya nikiikimbia ile mashine, maana nilijua mtu akishaanza kutoa kopi hatarudishiwa kamera tena.

Nilijaza muda wangu wa mchana kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, nasoma habari za lensi. Watu walioandika huko walikuwa wanagombana kuliko madalali wa ng'ombe mnadani. Mmoja anasema hamsini inatosha, mwingine anasema hamsini ni ya watoto, mwanamume ananunua themanini na tano. Wa tatu anasema hao wote hawajui kitu, tafuta mia na thelathini na tano ya zamani, ya chuma. Namba hizo ni za milimita. Kadiri zinavyopanda, ndivyo lensi inavyovuta, na ndivyo unavyolazimika kusimama mbali na mtu. Hiyo habari ya kusimama mbali niliisoma mara nyingi na sikuitia akilini hata siku moja. Wala sikutia akilini kwamba kamera yangu ilikuwa ya zile zenye jicho dogo, ambazo hufanya lensi ivute zaidi ya ilivyoandikwa. Hamsini ilikuwepo hata Mwanza, mpya dukani, ya plastiki, na bei yake mtu angeilipa bila kuumwa tumbo. Niliishika, nikaona nyepesi, nikairudisha. Nani atamheshimu mpiga picha mwenye lensi nyepesi kuliko andazi? Nikataka themanini na tano, kwa sababu wote waliokuwa wanatukanana kule walikubaliana angalau kwamba hiyo ndiyo lensi ya sura.

Ya kwanza ililetwa kutoka Dar es Salaam na binamu wa Baba Kulwa, kondakta wa basi, imeviringishwa kwenye soksi. Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa aina ya kamera yangu. Haikuingia. Kila kampuni ina namna yake ya kufunga lensi kwenye kamera, na ya hii ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Baba Kulwa aliigeuza geuza, akapendekeza tuisukume kwa nguvu kidogo, na mimi kwa hasira nilikaribia kumruhusu. Ilichukua wiki kadhaa kumpata mpiga picha wa harusi Kahama aliyekubali kubadilishana, na huyo alinipa themanini na tano iliyoingia vizuri, ikalia "ka!" ya kupendeza. Nikarudi Shinyanga naimba. Kufika studio, nikabonyeza, kimya. Lensi ile haikuwa na mota ndani yake, na kamera yangu nayo ilikuwa ya zile za bei ya chini zisizo na mota, kwa hiyo kila picha ilibidi niitafute kwa kuzungusha pete kwa vidole, jicho moja nimelifumba, jasho linanitiririka. Mteja akipumua tu, ukali unahama. Nilisafisha picha nyingi za masikio safi na macho yaliyojaa ukungu. "Dada," mama mmoja aliniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi, "kwani mimi nilikuja kupiga sikio?"

Halafu kile chumba. Yule mama mwenye sikio nilimpiga nimejibana mlangoni, mgongo kwenye komeo, na hata hapo alinijaa hadi mabegani tu. Ili nipate pumzi kidogo ilibidi nitoke. Nikawa napigia barabarani, ng'ambo ya mtaro, mteja amekaa ndani kwenye kiti mbele ya zile ngazi za kuchorwa. Bodaboda zinakatiza kati yetu, wapita njia wananisalimia na kusubiri niitikie. Siku moja akaja mwanaapolo ambaye duara lao, maana shimo la dhahabu huitwa duara, lilikuwa limetema dhahabu juma lile. Alivaa miwani ya jua, saa mbili, na raba nyeupe pee. "Dada, umeenda wapi?" akapaza sauti kutoka ndani. "Niko hapa, usisogee!" "Unanipiga mimi au unapiga barabara?" Nilimpata vizuri. Siku hiyo macho yalikubali, na niliposafisha ile picha nilijisikia kulia kwa furaha. Alipokuja kuichukua aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaitazama tena mbele. "Miguu yangu iko wapi?" "Kaka, hii ni picha ya sura." "Sura naijua. Hizi raba nilizifuata Kahama kwa ajili ya picha. Ziko wapi?" Nikaanza kumweleza habari za mwanga. Akaiacha picha juu ya benchi, akaondoka, na Baba Kulwa aliyekuwa amekaa pale pale akaendelea kupiga viatu rangi.

Nikajifariji kwamba kosa ni la chumba, nikaenda Mwakitolyo kwenye machimbo, mahali ambapo nafasi ya kusimama mbali haina mwisho. Huko shida ilikuwa vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe, lililoingia hadi kwenye pete ya lensi ikawa inakwaruza. Na shida kubwa zaidi niliisikia mwenyewe nikiwa nakula wali maharage kwenye kibanda cha maturubai. Upande wa pili wa turubai wanaume walikuwa wanazungumza. "Yule dada mwenye kamera ndefu umemwona?" "Nimemwona. Anakata watu miguu." "Picha ya kichwa ni ya kubandika kwenye msalaba. Ukipigwa hiyo halafu ukashuka duarani, ujue umejitakia." Wakacheka, lakini mchana wote hakuna aliyenikaribia. Nilirudi mjini nimekaa kwenye gari nimenuna mpaka jirani yangu akauliza kama nimefiwa.

Faraja yangu ilikuwa uani kwa Mama Limi. Alinipakulia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, au ugali na nsansa, mboga za majani makavu, zenye karanga nyingi, na alinitania bila huruma. "Kula, mkata miguu, utapata akili." Kibanda changu cha kusafishia picha kiligusana ukuta na vyumba vyake vya kupangisha, ukuta wa tofali moja, na humo nilisikia maisha ya watu bila kupenda. Tangu mvua zilipokatika nilikuwa nasikia sauti ya kijana akizungumza na mama yake kwa simu karibu kila alasiri. "Shikamoo mama. Mzima kabisa. Kazi inaendelea, mama, duara letu zuri tu. Kuja kuvuna sitaweza mwaka huu, msimamizi hatupi nafasi." Baada ya hapo kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Mama Limi nilipomuuliza alisema ni mpangaji, Shija, mtu wa Ushirombo, na akageukia sufuria lake. Yeye kuficha habari! Nilijua kuna jambo.

Shija aliingia studio siku ya soko, mchana, Baba Kulwa akiwa ameenda benki. Nilimtambua kwa sauti kabla sijainua kichwa. "Mambo, dada. Nimesikia kuna mtu hapa anapiga picha bila miguu." Nilishachoka na mzaha ule, nikainuka na jibu langu la shombo, ndipo nikaona magongo, na suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti. Mwamba ulimkuta ndani ya duara Mwakitolyo, akaniambia, na hospitali hawakuwa na namna. Kwao hakuna anayejua. Mama yake ana presha. Kila mwaka alikuwa anamtumia picha, amesimama, ameshika redio au amepanda pikipiki ya mtu, na mama anazipanga ukutani. Mwaka huu hajatuma, na mama ameanza kuuliza kwa sauti ya mashaka. "Nikikaa kwenye kiti, mguu uliokatwa unaonekana. Nikisimama unaonekana. Simu ya mwenzangu nimejaribu, ukisogea karibu inanivimbisha pua. Wewe wanasema huwezi kupiga miguu hata ukitaka." Alisema hivyo bila kunicheka. Alikuwa mteja wa kwanza mwaka ule kuja kwa sababu ya lensi yangu, na nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyofurahi.

Nilimwegemeza kwenye ukuta wa pembeni, mbali na zile ngazi za kuchorwa, magongo nje ya picha, nami nikarudi mlangoni. Alitengeneza uso wa picha, kidevu juu, mdomo umekazwa kitajiri. Nikazungusha pete. Vumbi la Mwakitolyo likakwaruza. "Subiri kidogo." Nikapata jicho, likanitoka. "Kidogo tu, kaka." Ule mguu mmoja ulikuwa unachoka, nikaona bega linashuka, na kile kidevu cha tajiri kikashuka nacho. Alisahau kamera. Akawa anatazama mahali kati yangu na barabara, kijana aliyepita kwenye jambo ambalo hana wa kumsimulia, na hapo pete ikakubali. Nikapiga. Ukiniuliza leo, sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile, na nimepiga maelfu. Alipoiona akasema, "Nimekuwa mzee." Kisha akasema, "Lakini haina kitu. Hakuna kinachoonekana." Nikamhakikishia hakuna kinachoonekana. Akaniomba jambo moja, nisiitundike popote. Makondakta wa magari ya Kahama na Ushirombo wote hula kwa Mama Limi, na mtu akimwona pale mlangoni atauliza yuko wapi, na Shinyanga si mbali. Nikaapa.

Nilisafisha nakala mbili, moja yake, moja yangu ya kutazama, nikagonga muhuri wa studio nyuma kama ilivyo ada. Baba Kulwa aliikuta ya kwangu kwenye droo. Alivaa miwani, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. "Modesta! Hii ndiyo uliyokuwa unaisema?" "Ndiyo hiyo, Baba." "Aisee! Hii tunaikuza, tunaiweka hapo nje. Sikukuu hii watapanga foleni mpaka sokoni." Hebu fikiria. Mwaka mzima nimesubiri kusikia maneno hayo, na ilinibidi niseme haiwezekani. Nikamweleza ahadi. Alinitazama kama mtu anayeona mbuzi anakataa chumvi. "Basi nionyeshe nyingine kama hii." Sikuwa nayo. Nilijaribu Desemba yote, niliwakamata Mama Limi, wauza nyanya, hata yeye mwenyewe Baba Kulwa, na wote walitengeneza uso wa picha wakaukazania, na pete yangu ikawapata masikio. "Ahadi haisafishi picha, binti," aliniambia, na hakusema kwa ubaya. Nilikwenda kwa Shija kumwomba anifungue kiapo, nikafika mlangoni kwake, nikamsikia ndani anamwambia mama yake, "Picha nimetuma, mama, utaipata kwa gari la leo." Nikarudi bila kubisha hodi. Nililia kwa hasira, nikamkasirikia yeye, mzee, waandishi wa intaneti na kila mtu mwenye raba nyeupe.

Mashine ya fotokopi iliingia wiki ya Krismasi. Iliwekwa pale pale nilipokuwa namkalisha mteja, na kwa kuwa chumba ni kile, pazia la ngazi likakunjwa. Nikawa natoa kopi za vyeti vya shule na hati za mashamba, mwanga wa kijani unapita na kurudi chini ya mikono yangu kutwa nzima, na lensi imelala ndani ya soksi ya kondakta. Wiki za mwanzo sikuongea na Baba Kulwa zaidi ya shikamoo. Nilijiona nimelipa gharama ya siri ambayo si yangu, na kitu pekee kilichonituliza ni kwamba angalau siri yenyewe ilikuwa salama, kwamba kule Ushirombo kuna mama anayemtazama mwanawe ukutani na analala usingizi.

Siku moja ya Januari, mvua imetoka kunyesha, mwanamke mtu mzima alisimama mlangoni akijifuta matope. Alivaa kitenge cha safari na mtandio, na mkononi alikuwa na picha iliyofungwa kwenye leso. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaigeuza ile picha kunionyesha muhuri. "Wewe ndiye uliyempiga mwanangu Shija?" Nikasema ndiye mimi, na sijui kwa nini, pamoja na yote, nilifikiri amekuja kunisifu. Na kweli alisifu. "Umempiga vizuri, mwanangu. Sijawahi kumwona hivi tangu alale mgongoni kwangu. Nimeitazama usiku na mchana." Akakataa kiti. Akaiweka picha juu ya kioo cha mashine, akainyoosha kwa kiganja. "Shija wangu anapenda viatu kuliko chakula. Picha zake zote ana viatu, miaka yote, hata mwaka ule wa njaa alivaa vya kuazima. Hii nilipoipokea nikasema labda iliyobaki imekatika kwenye bahasha. Nikatafuta ndani ya bahasha." Nikafungua mdomo kusema habari za lensi, kwamba chumba ni kidogo, kwamba wote nawapiga hivyo. Akanikatiza. "Usinifiche, mama yangu. Nimekuja kwa basi nimesimama tangu Ushirombo, nimeshindwa kukaa. Niambie wewe kwanza, kabla hajaanza kunidanganya yeye. Ni mguu mmoja, au yote miwili?"

"Mmoja, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akavuta kile kiti mwenyewe, akakaa. "Mmoja," akasema. "Asante Mungu. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa yote miwili." Kisha akajifuta uso kwa ile leso, akaniambia nikamwite Shija, popote alipo.